Mwali Kwenye Mtihani wa Masista

Habari yenyewe Magdalena aliiokota sokoni Morogoro, pale wanapokaa wauza ndizi, na tangu siku hiyo haikumtoka, kama mwiba uliokatikia kisiginoni. Muuza vyungu mmoja, ambaye hakumjua hata jina, alikuwa akimwambia mwenzake huku akisokota kata ya kubebea mzigo:

"Wale masista wa hospitali wanatafuta wasichana wa kuwafundisha kuuguza. Lakini hawachukui hivi hivi, wanamjaribu mtu kwanza. Wanamwingiza chumbani, wanamfunulia maiti ya mtu asiyemjua, wanamwambia, tazama. Akifumba macho anarudishwa kwao. Akitazama, anachukuliwa, ila tumbo lake ndiyo limefungwa. Huyo hazai tena."

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Basi. Watu. Magdalena aliuza mkungu wake wa mwisho bila kubishana bei, jambo ambalo hajapata kulifanya maishani, akashika njia ya mlimani akiwa amesahau hata kununua chumvi. Njia nzima alikuwa akijibizana na muuza vyungu yule moyoni. Angekuwa anajibizana na jirani ingekuwa heri, maana jirani angalau hukujibu.

Jina la Paskalia, bintiye wa pekee, lilikuwa limekwisha kupelekwa. Mwalimu Alois, katekista wa kigango chao, ndiye aliyetangaza baada ya sala ya Jumapili: masista wanataka wasichana wawili tu, waliobatizwa, wasio na waume, wanaojua kusoma na kuandika. Watakaojiandikisha watafanyiwa mtihani baada ya sikukuu ya Petro na Paulo. Paskalia hakungoja hata watu watoke. Alisimama palepale katikati ya wazee, akasema, "Mwalimu, niandike mimi." Wengine walicheka. Gari la moshi lilikuwa limefika Morogoro si miaka mingi, watu walikuwa bado wanatoka milimani kwenda kulitazama tu na kurudi, na huyu mtoto anataka kwenda kukaa huko, awashike watu wasio wa kwao!

Magdalena siku hiyo alijivuna. Aliporudi na habari ya sokoni kifuani, majivuno yalikuwa yamegeuka kitu kingine.

Alimkuta Paskalia ameinama juu ya mguu wa babaye. Fransisko alikuwa mpasua mbao, na shoka lilikuwa limemteleza juzi yake. Binti alikuwa amelifungua jani alilofungia kidonda, amesogeza pua mpaka karibu kuugusa mguu.

"Mama Paskalia, njoo umwone mwanao," Fransisko alisema. "Ananusa kidonda kama mtu anayeonja mchuzi."

"Jana kilinuka, leo hakinuki," Paskalia alisema bila kuinua kichwa. "Nataka kujua ni nini kilichoondoka. Baba, usitikisike."

"Nisitikisike, na vidole vyako vya baridi hivyo!"

Magdalena aliweka tenga chini. Neno lilimjia mpaka kwenye ulimi, akalimeza. Alijiambia atalisema kesho. Kesho yake hakulisema.

*

Mwezi haukuisha, Paskalia akavunja ungo.

Kama ingekuwa siri ya mama na binti, Magdalena angeinyamazia mpaka mtihani upite. Lakini Bi Mwaisha, kungwi wa ukoo, mwanamke mfupi mwenye macho yasiyokosa kitu, alimwona msichana mtoni. Vigelegele vilifika nyumbani kabla ya mitungi ya maji.

Jioni ile ile Pazi akaja, Bi Mwaisha nyuma yake. Pazi alikuwa kaka yake Magdalena, tumbo moja, na kwa Waluguru mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mgeni aliyekuja kuoa. Fransisko mwenyewe alikuwa mtu wa Kinole, aliyeifuata ardhi ya mkewe, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilisimama juu ya udongo wa watu wengine. Pazi hakumngoja amkaribishe. Alikalia kigoda cha Fransisko.

"Shemeji, hujambo?"

"Sijambo, shemeji. Karibu."

"Nimekwisha kukaribia. Sasa nipishe kidogo, nina maneno na dada yangu."

Fransisko alisimama na mguu wake mbovu, akachechemea mpaka migombani, akakaa huko akijifanya anakagua ndizi ambazo hazijakomaa.

"Mwali anaingia ndani leo," Pazi alisema. "Atatoka mavuno ya mwakani, tumcheze kama inavyopasa."

"Kaka, mtihani wake ni baada ya mavuno haya haya."

"Mtihani ni mnyama gani?"

"Ni kuulizwa maswali. Akijibu vizuri anafundishwa kuuguza."

"Mwali anaulizwa maswali na kungwi. Wewe ulipowekwa ndani ulitoka mweupe kama yai, watu walikuja kukutazama mpaka kutoka ng'ambo ya mto."

"Nilitoka sijui kutembea, kaka. Miguu ilikuwa imesahau. Ulinishika mkono wewe."

Pazi alikubali kwa kichwa, maana ilikuwa kweli. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ndio uliotisha. "Dada, wewe umebatizwa, sikukuzuia. Mtoto umembatiza, sikusema. Lakini shamba la mtoni unalolilima ni la lukolo, la sisi wa tumbo moja. Mwali wetu akionwa na jua kabla ya ngoma yake, shamba hilo nalo litakuwa halikujui."

Shamba la mtoni ndilo lililowalisha. Kule juu walikuwa na mawe na upepo tu, na mahindi ya kimo cha mtoto. Magdalena aliangalia mikono yake.

Ni Bi Mwaisha aliyelifungua lile fundo. "Pazi, mwali akiugua hapelekwi kwa mganga?"

"Anapelekwa."

"Anapelekwaje?"

"Anafunikwa kaniki. Haoni, haonwi, hasemi. Mama yake anamsemea."

"Haya. Na hao masista si waganga?"

Pazi alicheka mpaka akashika goti. "Bi Mwaisha, unazeeka vibaya!"

"Nazeeka na akili zangu. Nitakwenda naye mwenyewe, nimshike mkono."

Pazi alifikiri, akakubali. Mwali afunikwe, asitazame mtu, asitazamwe, asitoe sauti, na jua lisichwe hajarudi ndani. Akikosa moja katika hayo, shamba limekwenda. Magdalena aliitika upesi upesi kama mtu anayeogopa mnunuzi atabadili nia. Aliona ameshinda. Hakujiuliza mtihani wa namna gani unafanywa na mtu asiyeona wala kusema.

*

Wakaanza kujiandaa. Mwanamume haruhusiwi kumwona mwali, basi Mwalimu Alois alifundishia nyuma ya nyumba, amesimama kati ya migomba na kitabu mkononi, akiusomea ukuta wa udongo. Na kwa kuwa mwali hajibu mwanamume kwa sauti, Paskalia alijibu kwa mchi: kugonga mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana.

"Mgonjwa ana homa kali!" Alois alipaza sauti. "Je, tumlazimishe ugali?"

Koo, koo.

"Maji ya kuoshea kidonda yatoke mtoni moja kwa moja?"

Koo, koo.

"Yachemke kwanza?"

Koo.

"Huyu anapita!" Alois aliuambia mgomba. Wapita njia walisimama kumsikiliza mwalimu anayegombana na nyumba. Mmoja akauliza kama ukuta huo nao unataka ubatizo.

Ndani mlikuwa na giza. Fransisko, ambaye hakuulizwa neno katika shauri zima, aliondoa bonge la udongo chini ya paa, upande usiopitiwa na watu, mwanga ukaingia wa upana wa kiganja. Paskalia alikuwa akiusogelea mwanga huo na kibao chake cha kuandikia, ukihama anahama nao. Magdalena, ambaye alisoma shule ya kigango mpaka akaweza kufuatisha katekisimu kwa kidole, alimtajia maneno ayaandike. Walipochoka kuandika alimpa mkono wake, binti akaufunga kwa vipande vya merikani, akaufungua, akaufunga tena mpaka vitambaa vikaacha kulegea kiwikoni.

"Rosa naye atakuwapo," Paskalia alinong'ona siku moja. "Yule aliyelelewa na masista. Anawajua kwa majina."

"Mwache awajue."

"Mama, unanificha nini? Tangu mwezi ule ukinitazama unatazama tumbo langu."

Magdalena akalitoa basi, lote, kama alivyolipokea sokoni.

"Nani kakwambia?"

"Watu."

Paskalia alicheka akaziba mdomo kwa kiganja, maana kicheko cha mwali hakitoki nje. "Na wewe ukaamini?"

"Sikuamini. Lakini sikuacha kuamini pia. Paskalia, nina mtoto mmoja. Wakikuingiza chumbani, wakikwambia tazama, inamisha macho. Tazama miguu yako. Niahidi."

"Na wakinirudisha?"

"Hawatakurudisha kwa adabu. Mtu mwenye adabu harudishwi. Niahidi, nakuomba, mimi mama yako."

Msichana aliviringisha kipande cha merikani, akakikunjua, akakiviringisha tena. Mwisho akasema, "Haya, mama." Si kwa kukubali. Kwa kuchoka.

*

Siku ilipofika waliteremka na umande, Bi Mwaisha mbele ameshika ncha ya kaniki, Paskalia ndani yake amefunikwa kuanzia utosini mpaka magotini, Magdalena nyuma na chakula. Walipoingia uani mwa hospitali, wasichana waliokuwa kwenye baraza wakabanana kuwatazama.

"Jamani, gunia la makaa limekuja kufanya mtihani!" mmoja alisema.

"Limekuja na miguu yake," mwingine akadakia.

"Chekeni," Bi Mwaisha aliwaambia. "Nyie ndio wa kuhurumiwa. Hakuna aliyewafunika."

Sista Agata alitoka, mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa iliyobabuka kwa sabuni. Kiswahili chake kilikuwa safi ila kifupi, kana kwamba kila neno analilipia. Walimsalimu, "Tumsifu Yesu Kristo," akaitika, "Milele, amina," akampa kila msichana kitabu asome kwa sauti. Rosa alisoma vizuri, kifua mbele. Zamu ya Paskalia, ukimya.

"Anajua kusoma, Sista," Magdalena alisema. "Ila hasemi."

"Ni bubu?"

"Si bubu. Ni mwali."

Sista alishusha pumzi. Alikwisha kukaa nchini miaka ya kutosha kulijua neno hilo. "Basi aandike. Mtajie hivi: maji ya moto, kitambaa safi, mikono kwanza."

Kibao kikaingia chini ya kaniki, kikatoka. Sista alikisoma, akakigeuza kama anayetafuta kosa nyuma yake. "Mwandiko mzuri," alisema, na sauti yake ikalainika kidogo. Akauliza hesabu ya kugawa dawa, kibao kikaingia, kikatoka, sawasawa. Bi Mwaisha aliwatazama wale wasichana wa barazani mmoja mmoja.

"Sasa ndani," Sista alisema.

Wakaingizwa chumbani wale tu waliofaulu kusoma. Magdalena aliingia nao bila kuulizwa. Kulikuwa na kitanda kimoja. Juu yake mtu, amefunikwa shuka.

Paskalia alikwisha kuinamisha kichwa.

Sista alifunua shuka, upande wa miguuni. Mtu yule akapiga chafya.

Alikuwa mzee mmoja, Hatibu, aliyewahi kuwa mpagazi, amebeba mizigo ya watu kutoka pwani mpaka bara mpaka mguu ukakataa. Kidonda kilimkaa kwenye muundi, kimemtafuna. Sista aliondoa bendeji. "Tazama," alimwambia Rosa. "Niambie unaona nini."

"Naona kidonda kikubwa."

"Na nini tena?"

"Kinanuka."

"Vyema. Anayefuata."

Aliyefuata alitazama, akakimbilia nje na mkono mdomoni. Ndipo zamu ya Paskalia. Sista aliinua ncha ya kaniki. Bi Mwaisha akaishusha. Sista akainua. Bi Mwaisha akashusha.

"Bibi, acha."

"Wewe acha. Kuna mwanamume hapa."

"Mwanangu," Mzee Hatibu alisema kutoka kitandani, "mguu huu haukuposi. Utazame tu."

Paskalia hakutazama. Alitazama vidole vyake mwenyewe, kama alivyoahidi.

"Anaona kidonda, Sista," Magdalena alisema.

"Nani anafanya mtihani? Wewe au yeye?"

"Anaona kikubwa. Na kinanuka."

"Hayo umeyasikia kwa Rosa." Sista alianza kukunja bendeji. "Sikiliza, mama. Huyu anaandika kuliko wote, nami nimehuzunika. Lakini muuguzi asiyetazama, mgonjwa atamfia huku yeye anahesabu vidole vyake. Nenda nyumbani."

Magdalena hakusogea. Macho yake yalikuwa yakizunguka chumbani, pembeni, chini ya kitanda, nyuma ya mlango.

"Na maiti?" aliuliza.

"Maiti gani?"

"Ya kuwaonyesha wasichana."

Sista aliendelea kukunja bendeji. "Maiti tunazika," alisema.

Mzee Hatibu alicheka mpaka kitanda kikalia. "Maiti ndiye mimi, dada! Bado kidogo tu. Ningojeeni."

Kicheko kile kilimpata Magdalena pabaya kuliko tusi. Aliona yote kwa mara moja, kama umeme unavyoonyesha bonde: mwanawe amezibwa mdomo na mjomba, amefunikwa uso na kungwi, ila macho, kitu pekee kilichobaki, aliyeyafunga ni yeye mama mtu, kwa neno la muuza vyungu asiyemjua jina. Mtoto aliyenusa kidonda cha babaye! Amesimama mbele ya kitu alichokitaka, hakitazami, kwa heshima.

Akaishika kaniki, akaivuta kwa mikono miwili, ikaanguka sakafuni.

"Magdalena!" Bi Mwaisha alipiga kelele. "Unafanya nini wewe! Shamba!"

"Nalijua shamba." Alimshika binti kidevu. Uso wa Paskalia ulikuwa umepauka kwa kukaa gizani, na macho bado yako chini, makaidi, maana aliahidi. "Ile ahadi nimeivunja mimi niliyeiomba. Hakuna ngoma hapa, hakuna mjomba. Mimi ndiye niliyekutoa tumboni na mimi ndiye ninayekutoa leo. Inua macho. Sema na watu."

"Nimekwisha kusema aende," Sista alisema.

"Na mimi sijakwisha," Magdalena alijibu, na mwenyewe akashangaa, maana hakuwahi kumjibu hivyo mtu yeyote aliyevaa viatu. "Kosa ni langu, Sista. Nilimwambia asitazame. Muulize tena. Hapa hatuondoki mpaka umuulize tena. Ukitaka, ita askari."

Nje wasichana walikuwa wamejaa dirishani. Hakuna aliyecheka.

Paskalia aliinua macho. Kwanza aliyakunja, mwanga ulikuwa mwingi. Kisha akapiga magoti kando ya kitanda, akasogeza uso mpaka karibu na ule mguu, kama alivyozoea.

"Ukingo wa huku," alisema, na sauti ilitoka kwa kukwaruza, sauti ya mtu asiyeitumia, "ni mweupe na mgumu. Huku ni mwekundu. Hapo pekundu pana hatari."

"Hapana," Sista alisema. "Pekundu ni nyama mpya. Ndiko kupona."

Paskalia alikunja uso. Hakuona haya kukosea, alikasirika tu kwamba hakujua. "Basi anapona upande mmoja. Babu, unalalia ubavu gani?"

"Huu huu."

"Ndio ule mweupe unaokandamizwa." Alibonyeza mguu chini ya kidonda, taratibu. "Hapa unasikia?"

"Sisikii."

"Na hapa?"

"Toba! Hapo nasikia!"

"Sista, kwa nini hapa asikie na pale asisikie, na mguu ni mmoja?"

Sista Agata naye aliinama kuutazama ule mguu. Alikuwa ameshika bendeji nusu imekunjwa, nusu inaning'inia.

"Hilo," alisema mwisho, "hata mimi natafuta kulijua." Akaiweka bendeji mkononi mwa Paskalia. "Mfunge. Nikuone."

Alimfunga, na ilipokwisha Mzee Hatibu alijaribu kuuchezesha mguu, ukakubali. Sista alisema Rosa amepata, na huyu naye amepata, lakini kwa kujaribiwa: ataanza na kufua bendeji, na siku atakayoinamisha macho mbele ya mgonjwa atarudi kwao. Afike kesho kabla ya misa.

"Na aje na uso wake," aliongeza.

"Kesho ya nini?" Magdalena alisema. "Abaki leo. Akirudi kule, hatoki."

*

Wanawake wawili walipanda mlima. Bi Mwaisha alikuwa amebeba kaniki, ameikunja vizuri, kana kwamba mtoto yumo ndani. Walipokaribia nyumba akasema, "Nitasema niliyoyaona, Magdalena. Sijui kusema uongo."

"Sema, bibi. Nami nitasema."

"Alimbonyeza vizuri yule mzee," Bi Mwaisha alisema kwa kujizuia. "Mkono wa kuzalisha ule. Ungenipa mimi nimfundishe."

Pazi alikuwa uani, Fransisko ameketi mbali naye. Pazi aliona wamerudi wawili. Alipoambiwa alitikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo umemcheza mwali peke yako. Katika nyumba ya wagonjwa. Bila ngoma."

"Ndiyo, kaka."

"Mbele ya mwanamume."

"Mbele ya mgonjwa."

"Akiolewa, nani atasema ni wa kwetu? Akizaa, nani atampa mtoto jina la ukoo? Umemkata, dada. Umedhani umemtoa, kumbe umemkata."

Neno hilo lilimuuma, na hata baadaye halikuacha kumuuma. Alisema tu, "Shamba lichukue. Lakini mihogo iliyomo nilipanda mimi. Nitaing'oa."

"Haijakomaa."

"Nitaila hivyo hivyo."

Kesho yake, mchana kweupe, alishuka mtoni na jembe. Watu wa ukoo walikuwa wakilima pande zote mbili. Hakuna aliyemwamkia, watoto walipotaka kumpa shikamoo mama zao waliwavuta. Magdalena aling'oa shina baada ya shina, mihogo myembamba kama vidole. Baada ya muda Fransisko alikuja akichechemea, mtu asiye na neno katika ardhi ile, akainama mstari wa pili akaanza kung'oa naye. Walipomaliza, Magdalena alisimama mpakani, akawaamkia wote kwa sauti, mmoja mmoja kwa jina, wanaoitika na wasioitika, kisha akajitwisha.

Mwaka ule walikula vibaya. Tuseme ukweli, hata uliofuata. Paskalia alifua bendeji mpaka mikono ikababuka kama ya Sista, na Jumapili alipopewa ruhusa alipanda mlima uso wazi, akipita katikati ya kijiji, wala hakupita njia ya nyuma.

Wewe mama unayesoma haya, au unayesomewa, una binti na binti anataka kusoma. Mambo ya kuepuka ni haya:

Usimpe mtoto habari ya sokoni kabla hujaenda kuitazama kwa macho yako.

Ukiuliza nani kasema, ukajibiwa "watu", usiendelee kusikiliza.

Usimjibie. Hata akinyamaza mpaka ukaona aibu, usimjibie.

Usikubali masharti upesi kwa sababu tu umeogopa kunyimwa yote.

Usimdharau kungwi, wala usimkabidhi mlango.

Usidhani hutalipa. Utalipa. Usimwambie mtoto umelipa nini.

Na wakikuambia nenda nyumbani, mara ya kwanza usiende.